Nani Amenyoosha Picha?

Mke wangu ana kazi mbili. Ya kwanza ni ya mapokezi katika kliniki ya macho: anaandikisha wagonjwa na kuwaambia wakae, nao wakishaambiwa wakae wanasimama. Hiyo ndiyo kazi ya mshahara. Ya pili ni kuwatesa watu wa nyumba hii, na hiyo anaifanya bure, kwa moyo wote, tangu tulipooana.

Huko nje wanamwita Mama Mafumbo. Wanalitaja jina hilo kwa heshima na macho yanawang'aa, kwa sababu wao hawakai naye nyumba moja. Anaandika vitabu vya watoto, vile vyembamba vyenye picha, ambamo mapacha wawili na binamu yao wanapeleleza mambo: nani kaiba hiki, nani kaficha kile, alama za chaki ukutani zina maana gani. Kila kitabu kina fumbo ambalo msomaji lazima alifumbue mwenyewe kwa penseli yake, la sivyo anafika ukurasa wa mwisho haelewi kitu. Jambo zuri sana. Watoto wanafunguka akili. Shida ni kwamba fumbo haliingii kitabuni mpaka lijaribiwe kwanza, na wa kujaribiwa ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Napima, nakata, nashona. Mtu akitaka suruali haniletei mishale na vitone, ananiambia kiuno changu hiki hapa, pima. Sasa mtu wa namna hiyo anarudi nyumbani mchana, njaa inamkwaruza, anakuta meza tupu na kikaratasi chenye nyota, mistari na kichwa cha samaki.

"Chakula kipo," anasema mke wangu, amekaa kitini anachezesha mguu.

"Kipo wapi?"

"Si pameandikwa hapo?"

"Pameandikwa nini hapo, we mwanamke? Hiki ni kichwa cha samaki."

"Fundi, angalia vizuri. Anaangalia upande gani?"

Mimi niulizwe samaki anaangalia upande gani, na tumbo linanguruma! Siku kama hizo nilirudi dukani kwangu nikatafuna mkate mkavu, na wateja wakasema siku hizi fundi amekonda, biashara lazima ni ngumu.

Mama yangu mzazi alikuja kutusalimu, akaamka asubuhi akakuta miwani yake imehamishwa kwa ajili ya elimu. Nilijiandaa kwa vita. Nikasema leo hapa mkwe na mama mkwe watatoana nywele, na mimi nitakaa pembeni kwa utulivu kabisa. Wapi! Mama yangu alishinda siku nzima anapapasa kuta za nyumba hii kama mtu anayetafuta swichi gizani, akaipata miwani ndani ya debe la mchele, akapiga kigelegele. Alikuwa aondoke kesho yake. Akaongeza wiki, eti amesikia kuna fumbo jingine linaandaliwa.

Na sheria ya nyumba ni moja: jibu halitolewi. Ulie, ubembeleze, ununie chakula, jibu halitolewi. Binti yetu aliolewa mapema kidogo, na mimi nina maoni yangu kwa nini. Sikuwahi kuelezwa sababu ya sheria hiyo. Nilidhani ni ukaidi tu, kwa kuwa ukaidi anao wa kutosha. Aliwahi kukosana na mwenye duka la kona, akaapa hataingia tena mle, na mpaka leo anazunguka mtaa mzima kwenda kununua kiberiti. Akisema neno, limesemwa.

Basi tukaishi hivyo, mpaka kampuni inayomchapia vitabu ilipopata mhariri mpya.

Kijana msafi, mashallah. Viatu unaweza kujitazamia, shati limepigwa pasi mpaka linaogopesha, na kila sentensi anaianza na "utafiti unaonyesha". Mimi nikamwita Utafiti, na jina likamganda. Alikuja nyumbani kwetu akaketi sebuleni, akakataa sukari kwenye chai kwa sababu utafiti unaonyesha, kisha akasema lililomleta.

"Mama, vitabu vyako ni vizuri mno. Lakini utafiti unaonyesha kwamba watoto wa siku hizi hawana subira. Wakikwama kwenye fumbo, wanakitupa kitabu. Kwa hiyo tumeamua jibu liwekwe palepale, chini ya kila fumbo, kwa herufi nene."

Mke wangu akaweka kikombe chini. "Chini ya fumbo."

"Palepale chini. Mtoto asihangaike."

"Basi kwa nini mnajisumbua? Andikeni kwenye jalada 'Mwizi ni Mjomba', watoto wapumzike kabisa."

Utafiti akafikiri, akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema hilo nalo litajadiliwa. Wallahi hakutania.

Nilitegemea mke wangu atamtoa nje. Sipendi wageni wanaokataa sukari. Lakini akamwambia, "Nina kitabu kipya. Chukua fumbo lake moja, lipeleke darasa lolote unalotaka wewe, watoto wowote. Wakilifumbua ndani ya kipindi kimoja, vitabu vyangu mnaviacha kama vilivyo. Wakishindwa, weka majibu yako kote, hadi kwenye vile vya zamani."

Wakakubaliana. Utafiti alipoondoka nikamwuliza kama akili zake ni nzima. Kuweka kazi ya maisha yake mikononi mwa watoto wa shule! Watoto! Mimi watoto nawajua, wananiletea sare zimechanika palepale nilipoziba juzi.

"Wakishindwa naacha kuandika," akasema, anaosha vikombe. "Fumbo lenye jibu chini yake mimi siwezi kuliandika. Sitaandika tena, Fundi."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Nikakumbuka duka la kona, nikajua limesemwa. Ungedhani ningefurahi: chakula mezani, miwani mahali pake, amani. Nilijaribu kufurahi, nikashindwa, ikaniudhi sana.

Fumbo lenyewe nililijua, maana nilishateseka nalo. Katika hadithi, kengele ya shule imeibiwa na kufichwa kwenye nyumba ya babu yao wale mapacha. Babu anajua ilipo. Ila mwizi ni mtu wa mle mle ndani, anamsikiliza kila neno, kwa hiyo babu hawezi kusema. Anachofanya ni kuzisukuma kwa kidole zile fremu za picha zilizopangwa ukutani sebuleni. Fremu iliyoinama kulia, ingia mlango wa kulia. Iliyoinama kushoto, kushoto. Iliyonyooka, nenda mbele. Ukianza mlangoni na kuzifuata moja moja kwenye ramani ya nyumba, unaikuta kengele. Hadithi haisemi waziwazi kwamba fremu zimeinama. Inasema tu babu anapenda kurudia "ukuta wangu una akili kuliko nyinyi, ufuateni", na mjomba mmoja anapita sebuleni shingo upande, akilalamika kwamba ukuta huu utamvunja shingo. Kuona fremu zimeinama ni kazi ya msomaji, kwenye picha iliyochorwa.

Nyumbani kwetu lilijaribiwa kwa kupindisha picha zetu za harusi. Wageni walikuja wakatuangalia kwa huruma, wakidhani tumepigana.

Mchoraji wa kampuni ni bwana mmoja mtaratibu mno, nasi tunamwita Rula. Mtu huyu hawezi kuona kitu kimekaa upande akapata usingizi. Ukimkaribisha kwako, kabla ya kusalimia ameshaweka sawa mkeka. Aliichora picha ile vizuri, fremu zimeinama kama alivyoagizwa, mke wangu akaiona na kuipitisha. Baada ya hapo Utafiti akamwambia aisafishe kidogo kwa ajili ya kwenda shuleni. Kumwambia Rula asafishe!

Siku ya siku nikafunga duka nikamsindikiza mke wangu. Darasa lilinukia chaki na soksi. Mwalimu wao, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, akatuketisha nyuma kwenye viti vya watoto, magoti yangu yakanifika kidevuni. Utafiti alisimama mbele na saa yake mkononi. Rula naye alikuja, kavaa vizuri, ana tabasamu la mtu anayesubiri kusifiwa.

Karatasi zikagawiwa, zenye hadithi, picha na ramani ya nyumba. Mke wangu akaitazama ya kwake, akairudia tena kuanzia juu. Akanisogezea.

Fremu zote zilikuwa zimenyooka. Ukuta mzima, twaa, kama gwaride. Nikainua macho nikamtazama Rula, naye akanionyesha dole gumba.

"Amezinyoosha," nikanong'ona. "Huyu bwana amezinyoosha! Simama useme!"

"Nikisema picha zilitakiwa ziiname, nimetoa jibu."

"Usiposema umekwisha!"

"Fundi, nyamaza. Watoto wanasoma."

Jamani, niliwahi kukasirika maishani, lakini siku ile nilikasirika nikiwa nimekunjwa kwenye kiti cha mtoto, na hasira ya namna hiyo haina pa kutokea. Niliona upuuzi wote uliopo. Huyu mwanamke kazi yake inazama, kamba ameishika mwenyewe, na hataki kuirusha kwa sababu ya sheria yake ile ile iliyoninyima chakula cha mchana. Nikataka kusimama niseme mimi. Akanibana mguu kwa kiatu chake.

Watoto walijitahidi, maskini. Waliona haraka kwamba ukuta wenye akili ndio huo wa fremu, wakaanza kutembeza penseli kwenye ramani. Fremu imenyooka, mbele. Nyingine imenyooka, mbele. Wakapita sebuleni, wakapita ukumbini, wakatokea mlango wa nyuma, wakavuka ua.

"Mwalimu, nimepata! Kengele iko chooni kwa jirani!"

Darasa likaangua kicheko. Mwingine naye, chooni kwa jirani. Benchi zima la dirishani, chooni kwa jirani. Utafiti alikuwa anaandika huku anatikisa kichwa kwa majonzi makubwa, yale majonzi ya mtu anayejizuia kucheka. "Si makosa yao," akatuambia kwa sauti ya chini, kwa upole wa kukirihisha. "Utafiti ulishaonyesha."

Saa ikaenda. Mke wangu akasimama ghafla pale kando yangu, mkono mmoja kaushikiza ukutani. Nikadhani anatoka nje, hataki watoto wamwone analia. Wakati huo huo msichana mmoja wa mbele, meno mawili hana, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, hii picha inadanganya."

"Inadanganyaje?"

"Huyu mjomba." Akainua karatasi yake juu, akagonga kwa penseli. "Kapinda shingo anaangalia ukuta. Hata kwenye hadithi anasema shingo itavunjika. Sasa picha zimenyooka zote, shingo anaipindia nini?"

Watoto wote wakazama kwenye karatasi zao. Kweli bwana, mjomba alikuwa pale, shingo imelala begani, anautazama ukuta ulionyooka kabisa. Rula hakuigusa shingo. Shingo za watu hazimhusu, yeye kazi yake ni kuta.

"Labda anaumwa," akasema mvulana mmoja.

"Haumwi. Picha zilikuwa zimepinda, mtu akaja akazinyoosha." Yule msichana akageuka taratibu, akatuangalia watu wazima mmoja mmoja, nami sikuwa nimefanya chochote lakini nilijisikia vibaya. "Hii nani kaichora?"

Mkono wa Rula ukaenda juu kwa aibu. Nusu ya darasa ikatoka vitini ikamzunguka.

"Shikamoo mjomba. Wewe ndiye uliyezinyoosha?"

"Marahaba. Mimi... zilikuwa zimekaa vibaya, wanangu. Mtu wa kazi safi hawezi kuacha—"

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi," akasema Rula, jasho linamtoka.

"Ile ya kwanza mlangoni ilikuwa imepindia wapi?"

Hapo Utafiti akaingilia, eti muda, eti utaratibu. Mwalimu akamwambia, "Waache, baba, wanahoji," kwa sauti yake ile, na Utafiti akarudi nyuma mpaka ubaoni.

Rula akafumba macho. Mtu mwingine angekuwa amesahau. Lakini yeye kila fremu iliyokaa upande ilikuwa imemuuma kivyake, na kila moja aliikumbuka. "Ya kwanza ilielekea kulia," akasema kwa uchungu. "Vibaya sana. Iliyofuata ilinyooka, hiyo haikuwa na tatizo. Halafu kushoto, kushoto tena, nikasema hapana, hii ni dharau..." Penseli zikawa zinamfuata kwenye ramani darasa zima, watoto wanasukumana, mmoja anaita kulia, mwingine anamsahihisha. Alipotaja ya mwisho, msichana yule akaweka kidole kwenye chumba cha kufulia, kwenye kapu la nguo chafu lililochorwa pembeni.

"Kengele iko humu."

Sikuhitaji kumwuliza mtu kama ni kweli. Nilimwangalia Utafiti, ambaye jibu analo, na uso wake ulikuwa umeshuka wote. Darasa lilipolipuka kwa kelele, kipindi kilikuwa bado hakijaisha.

Alijaribu, kijana wa watu. Akasema watoto wamesaidiwa, maana utaratibu haukutaja kuhoji mashahidi.

"Wapelelezi wanahoji, mjomba," akaambiwa na mtoto asiye na meno.

Akajaribu tena, sasa kwa sauti tamu. "Lakini si mmehangaika sana? Je, jibu lingekuwa limeandikwa hapa chini, si ingekuwa raha?"

Watoto wakamtazama kwa namna ambayo mimi nimekuwa nikitamani kumtazama tangu ile siku ya sukari. "Ili iweje?" mmoja akauliza. Utafiti akaiangalia saa yake.

Kisha msichana akamgeukia mke wangu. "Bibi, wewe si ndiye mwandishi? Ulijua picha zimenyooshwa?"

"Nilijua, mwanangu. Tangu mlipopewa karatasi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningekuwa nimewanyang'anya."

Mtoto akafikiri, akakubali kwa kichwa kama mtu aliyepewa chenji kamili, akarudi kitini kwake. Na mimi, niliyekaa na huyu mwanamke miaka yote hiyo nikidhani ni ukaidi, nikasikia sababu kwa mara ya kwanza, tena si mimi niliyeambiwa.

Vitabu vikaachwa kama vilivyo. Utafiti akaandika taarifa ofisini kwamba kampuni imebuni mbinu mpya ya kusisimua, ambapo mchoraji anaficha kosa kwa makusudi ili mtoto alifichue, na kwamba utafiti unaonyesha watoto wanalipenda. Nasikia amepongezwa. Rula naye anasifiwa kwa ubunifu wake, na kila akisifiwa anaona haya, na watu wanasema tazama alivyo mnyenyekevu.

Lakini hayo ya ofisini yalikuja baadaye. Siku ile tulirudi kwa miguu, jua linachoma, mimi mdomo wangu haukupumzika. Nilimsifu. Nilimwambia mke wangu wewe ni chuma, mimi ningepayuka pale pale, lakini wewe ulikaa ukaitazama kazi yako yote inakwenda chooni kwa jirani na hukutoa jibu. Nilisema sana, maana kusifu si kazi yangu ya kila siku na nilitaka niimalize kwa mara moja.

Akasimama barabarani. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Nilikuwa nimeshasimama, Fundi."

"Nilikuona. Ulikuwa unatoka nje."

"Sikuwa natoka. Nilikuwa naenda kusema." Akajifuta kwa kiganja. "Mdomo nilishaufungua. Nilikuwa nawaambia zimeinama, angalieni zimeinama. Mtoto akaniwahi. Angechelewa kidogo tu, ningemnyang'anya. Halafu nikamwambia vile mbele ya wenzake, kama mtu aliyeshika sheria yake."

Nilitafuta kejeli nikaikosa. Nilijua tu kwamba nampenda, tena kupita siku ile tulipooana, na kwamba ningemwambia hivyo ningekosea, kwa sababu si hilo lililokuwa linamliza. Nikamshika mkono. Mchana kweupe, katikati ya njia, wateja wangu wawili wanapita na baiskeli wanatukodolea macho. Tukasimama hivyo mpaka alipomaliza kulia.